Je, Wajua? Waliokwenda Magharibi na Kumbukumbu Zao, Kutoka Mwamanyili hadi Busisi

Je, wajua kwamba wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ambamo kata ya Mwamanyili imo, inapakana na maji yenye jina la mtu aliyekaa Mwanza siku chache tu? Ni Ghuba ya Speke. John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akageuka upesi kurudi Kazeh, yaani Tabora ya leo. Wala jina la ghuba hakulitoa yeye. Lilitolewa na Henry Morton Stanley mwaka 1875, Speke akiwa ameshakufa. Wavuvi wa dagaa wa huku hawakuulizwa.

Je, wajua kwamba Speke alitangaza chanzo cha Nile bila kuuona mto wenyewe? Akiwa juu ya kilima cha Isamilo aliona ncha ya kusini tu ya ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Alipouliza linaishia wapi upande wa kaskazini, mtemi Mahaya wa Mwanza hakuwa na jibu, na mwenyeji mmoja akamwambia kwamba huenda linafika mwisho wa dunia. Speke akaamua papo hapo kwamba Nile inatoka humo. Alibahatisha, akapatia. Mto wenyewe ukitoka ziwani aliuona Julai 1862, huko Jinja, katika safari yake nyingine.

Je, wajua kwamba katika bustani ya Kensington, London, kuna mnara wa mawe mekundu ya granite wa kumkumbuka Speke kwa ajili ya ziwa hili? Mtu wa Mwamanyili anayeoga humo kila jioni hajaandikwa popote, lakini tuyaache hayo.

Je, wajua kwamba safari ile ya mwaka 1858 ilikuwa na Sidi Mubarak Bombay? Alizaliwa Myao, akakamatwa utotoni na kuuzwa, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Alifuatana na Speke mara mbili, akawa na Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na msafiri Mwingereza Cameron, wakaufikia upande wa Atlantiki mwaka 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na baadaye malipo ya uzeeni. Ukihesabu hatua za miguu, Wazungu wote aliowaongoza hawamkaribii. Alifariki mwaka 1885.

Sasa tukae kidogo kwenye ghuba yetu, maana hapa pana kisa.

Je, wajua kwamba mashua ya kwanza ya Kizungu kuzunguka Ziwa Victoria ilianzia kwenye ghuba hii, na ilifika hapa ikiwa imebebwa mabegani? Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 akiwa na msafara wa watu 356. Mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa karibu mita 12, ilikuwa imetengenezwa vipande vipande ili ibebeke. Fikiria kipande cha mashua begani, mwiba chini ya unyayo, kutoka pwani hadi Usukuma. Tarehe 27 Februari 1875 wakaingia Kageye, kijiji cha ufukweni upande wa Kayenze, wakapokewa na mtemi Kaduma. Kati ya Wazungu watatu aliokuja nao Stanley, mmoja alikuwa ameshazikwa njiani. Wa pili, Frederick Barker, alifia hapo hapo Kageye mwezi Aprili. Wa tatu alizama katika mto Kongo mwaka 1877. Waafrika waliokufa katika safari hiyo walikuwa wengi zaidi, ila makaburi yao hayana ramani.

Na je, wajua kwamba Stanley alipotafuta watu wa kuingia nao majini hakuna aliyejitokeza? Palikuwa na hadithi kwamba ng'ambo wanaishi watu wenye mikia, wengine wana mbwa wakubwa waliofundishwa vita, na wengine wanakula watu. Ikabidi awachague mwenyewe mabaharia kumi na nahodha mmoja. Tarehe 8 Machi 1875 wakang'oa nanga, wakafuata ufukwe wa kusini wa ghuba kuelekea mashariki. Maana yake ni kwamba walipita mbele ya pwani ya Busega ya leo kabla hawajapinda kwenda Ukerewe. Walirudi Kageye mwanzoni mwa Mei. Watu wenye mikia hawakuonekana.

Je, wajua kwamba mto Simiyu, ulioupa mkoa huu jina lake, uliwahi kuhesabiwa kuwa chanzo cha mbali kabisa cha Nile upande wa kusini? Stanley ndiye aliyeuhesabu hivyo. Baadaye sifa hiyo ilihamia kwenye mto Kagera na vijito vyake vya Rwanda na Burundi. Ukipanda basi la Musoma kwenda Mwanza utauvuka wilayani Magu. Wakati wa kiangazi abiria wengi hawainui hata kichwa.

Je, wajua kwamba Nasa, hapa hapa Busega, ndipo wamisionari wa Africa Inland Mission walipoanzia kazi yao katika nchi hii, mwaka 1909? Walipokea kituo kilichofunguliwa na wenzao wa Kianglikana. Kanisa la AICT, ambalo leo lina waumini hadi Dar es Salaam, lina mizizi yake katika ufukwe huu.

Je, wajua kwamba mkoa wa Simiyu wenyewe ni mtoto wa mwaka 2012? Kabla ya hapo Mwamanyili ilikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Watu hawakuhama hata hatua moja, makao makuu ndiyo yaliyohamia Bariadi.

Hao ni wageni waliopita. Waliokwenda magharibi kweli, kwa familia na mifugo, ni Wasukuma wenyewe, na habari zao zimeandikwa kwa wino kidogo mno.

Kwanza tutoke nje kidogo. Je, wajua kwamba Wamarekani wamewajengea watu wao waliokwenda magharibi tao la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa mita 192? Liko St. Louis, kando ya mto Mississippi, na upana wake chini ni sawasawa na kimo chake. Lilichorwa na Eero Saarinen, mzaliwa wa Ufini, ambaye alifariki mwaka 1961 kabla ujenzi haujaanza. Kipande cha mwisho kilipachikwa tarehe 28 Oktoba 1965. Mgeni anapandishwa juu ndani ya vijibehewa vya watu watano watano, na kuna makumbusho chini ya ardhi. Ili kupata uwanja, mitaa 40 ya majengo ya zamani ya mji ilibomolewa. Na katika hifadhi ya tao hilo limo jengo la mahakama ambako Dred Scott na mkewe Harriet, watumwa, walidai uhuru wao kuanzia mwaka 1846. Kumbukumbu ya wasafiri imejengwa juu ya mji uliovunjwa, pembeni ya kesi ya utumwa. Sijui kama wachoraji walikusudia, lakini hakuna sanamu inayosema ukweli zaidi ya mpangilio huo.

Haya, turudi Usukuma.

Je, wajua kwamba adui wa kwanza wa Msukuma aliyetafuta ardhi mpya alikuwa mdudu? Mbung'o. Kila penye vichaka vizito ng'ombe walikufa, kwa hiyo kuhama kulianza na shoka. Katika miaka ya 1920 Shinyanga palifanyika ufyekaji mkubwa wa pamoja, watu wakiitwa kupitia watemi wao, chini ya uangalizi wa Charles Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o wa serikali ya kikoloni, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ng'ombe wakapata malisho. Kisha ng'ombe wakawa wengi, miti ikaisha, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kuirudisha. Kilichosaidia sana ni ngitili, desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga malisho yasiguswe hadi kiangazi. Babu alikuwa na dawa nyumbani siku zote.

Je, wajua kwamba wakoloni walikuwa na mpango rasmi wa kuwahamishia Wasukuma magharibi? Ulianza mwaka 1947, makao yake Malya, Kwimba. Hesabu yao ilikuwa hivi: Usukuma wa kati umejaa watu na ng'ombe, na ng'ambo ya mkono wa ziwa, kule Geita, ardhi ipo. Basi fyeka vichaka, weka maji, punguza mifugo, lazimisha matuta. Wananchi walichukua sehemu moja ya mpango na kuikataa nyingine. Kwenda Geita kulima pamba, sawa, maelfu walikwenda, wengi bila kungoja kuambiwa na mtu. Kupunguza ng'ombe na kulipa faini kwa ajili ya matuta, hapana. Mwaka 1958, TANU ikiwa haijaruhusiwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954, watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la mseto wa rangi walilopangiwa. Yaani waliohamishiwa magharibi wapumue walirudi mashariki wakidai haki yao.

Hapa nitoe langu. Geita haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wazinza, kama vile magharibi ya Marekani ilivyokuwa na wenyewe. Kila simulizi la watangulizi lina mtu aliyetangulia kuliko watangulizi, na anayesimulia humsahau.

Je, wajua chakula cha safari hizo? Michembe na matobolwa. Viazi vitamu vikikatwa vipande vibichi na kuanikwa juani ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa, na meno yako yatajua tofauti. Vyote hukaa ghalani miezi mingi bila kuharibika, ni vyepesi kubeba, na vinataka moto mdogo tu. Familia inayohama ikiwa na gunia la michembe, karanga kidogo na ng'ombe wa maziwa ilikuwa na posho ya kufikia msimu wa mvua. Hadi leo uji au chai ya asubuhi na michembe yenye karanga ni kifungua kinywa cha heshima, na mgeni wa mjini anayekataa hukosa mengi.

Je, wajua kwamba hawakuishia Geita? Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma waliendelea kushuka na ng'ombe wao: Tabora, bonde la Rukwa, Katavi, Usangu, na baadaye Kilombero. Walikwenda na plau ya kukokotwa na maksai, mkokoteni na majaluba ya mpunga. Katika sehemu nyingi walikofika, ekari zilizolimwa kwa jembe la mkono ziligeuka shamba la plau ndani ya misimu michache.

Je, wajua kwamba walihama hata na polisi wao? Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Shinyanga dhidi ya wezi wa ng'ombe, ulisambaa kila walikopiga kambi. Mwizi aliyedhani amewaacha Shinyanga aliwakuta tena Rukwa.

Si kila mahali walipokewa kwa vigelegele. Mwaka 2006 wafugaji, Wasukuma wengi wakiwamo, waliondolewa Usangu kwa sababu ya bonde la Ihefu na maji ya mto Ruaha Mkuu. Ng'ombe walipakiwa kwenye malori na wengine wakaswagwa kwa miguu hadi Lindi, pwani ya kusini. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukilikumbuka hilo, hadithi ya kwenda magharibi haina mwisho mtamu kama inavyosimuliwa kwenye sherehe.

Je, wajua kwamba mashariki ya Simiyu mlango ulifungwa mapema zaidi? Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro. Ukiwa Lamadi, lango la Ndabaka la Serengeti liko jirani kabisa. Ng'ombe wako anaona nyasi upande wa pili. Asiziguse.

Basi mtu wa Mwamanyili akitaka kwenda kuiona historia hii kwa macho, aende wapi?

Aende Bujora. Apande basi la Mwanza, ashuke Kisesa, achukue bodaboda hadi kilimani, si mbali na barabara kuu. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma. Je, wajua kwamba yalianzishwa na padri kutoka Quebec, Kanada? Ni David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina Fumbuka. Alifika Bujora mwanzoni mwa miaka ya 1950, akakusanya vitu vya watemi pamoja na wazee wa huko, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Angalia mwaka huo vizuri. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma za watemi zilizokuwa zikiita watu shambani, vitani na msibani zilibaki bila kazi miaka mitano, kisha zikapata nyumba.

Banda la watemi pale limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kwa hiyo unaingia ndani ya kiti. Ndani kuna ngoma, viti na silaha za tawala mbalimbali. Nje kuna nyumba ya msonge, nyumba ya mganga na ya mhunzi. Usipite haraka kwa mhunzi, maana bila jembe lake hakuna shamba jipya wala mahari. Kuna pia ubao unaoonyesha jinsi marika mbalimbali yalivyohesabu moja hadi kumi, kila rika na maneno yake. Mtoto wa Mwamanyili anayesoma hesabu kwa Kiswahili atashangaa kwamba babu yake alikuwa na hesabu za siri. Kanisa la hapo nalo ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na altare yake imefuata umbo la kiti cha mtemi.

Ningekuwa na sauti pale ningeomba kitu kimoja zaidi: mkokoteni, gunia la michembe na plau iliyochakaa, na ubao wenye njia za kutoka Kwimba, Magu, Maswa na Bariadi hadi Geita, Rukwa na Usangu. Watemi wamekumbukwa vya kutosha. Mama aliyetembea nyuma ya mkokoteni na mtoto mgongoni bado anasubiri.

Harakaharaka sasa.

Wajua mbegu za pamba ambazo majina yake huanza na herufi UK? Hiyo si Uingereza, ni Ukiriguru, kituo cha utafiti karibu na Mwanza.

Wajua kwamba reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, miaka 70 baada ya Speke kuitembea njia hiyo kwa miguu?

Wajua kwamba wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na muungano wao wa ushirika, Victoria Federation, tangu mwaka 1955, chini ya Paul Bomani? Kijana huyo wa Usukuma baadaye akawa waziri wa fedha wa nchi huru.

Wajua kwamba ukitoka Kisesa kwenda mjini utapita Igoma, yalipo makaburi ya waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996? Hiyo nayo ni kumbukumbu ya taifa ya watu waliokuwa safarini, na ukipita, punguza sauti ya redio.

Wajua kwamba mkono wa ziwa waliouvuka wahamiaji wa Geita sasa una daraja? La Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo ulikuwa unapanga foleni ya kivuko na kununua mahindi ya kuchoma ukingoja. Sasa ni dakika chache, na mahindi hununui.

Na ukipanga safari ya Bujora, panga mwezi Juni. Ndipo sherehe za Bulabo hufanyika, zikiambatana na sikukuu ya Ekaristi, na makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, hupambana uwanjani. Ni mahasimu tangu karne ya 19, na kila moja linajivunia mganga mwanzilishi wake, Ngika kwa Bagika na Gumha kwa Bagalu. Hakuna jaji anayetoa alama. Makundi yote mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo kila kundi huja na mbinu: vichekesho, mavazi, wanasarakasi, dawa za kienyeji. Umati ukianza kusogea upande wa pili, ndipo anapotolewa chatu.